Tairi Vipara za Hamidu

Tangazo la mashindano ya baiskeli lilibandikwa stendi ya Same siku ya Jumatatu, na Hamidu akalisoma mara tatu. Safari ingeanzia hapo stendi na kuishia Mamba, juu milimani, nusu lami, nusu vumbi, na mshindi angepewa mtamba wa ng'ombe. Wenzake walimtamani ng'ombe. Hamidu alizitamani baiskeli, kwa sababu kila moja ingehitaji tairi mbili.

Huyu Hamidu ni fundi baiskeli kwa jina. Banda analo karibu na soko, spana anazo pia, ila zimeota kutu kwa sababu kazi zote huzifanya kwa mdomo.

Alijua pa kwenda. Kwa Abdulmajid, mtunza stoo ya mizigo ya mabasi, kulikuwa na marobota ya tairi za baiskeli yaliyokosa mwenyewe tangu mwaka jana. Hamidu alifungua robota moja akacheka. Tairi zilikuwa laini katikati, kashata, yale meno ya mpira, zimebaki pembeni tu.

"Vipara hivi," alimwambia Abdulmajid. "Nakusaidia kusafisha stoo."

Abdulmajid alitaka hela, na hela Hamidu hakuwa nayo. Akaweka rehani cherehani ya mkewe, Fadhila, aliyekuwa Korogwe kwa dada yake na angerudi Jumamosi. Makubaliano yalikuwa kwamba ikifika Ijumaa jioni bila malipo, cherehani inauzwa. Fadhila aliinunua mwenyewe kwa kushona sare za shule miaka mitatu. Hamidu aliona aibu sana njia nzima kutoka nyumbani hadi stoo, kisha akaisahau.

Tairi zilikuwa na vinyweleo vya mpira vilivyosimama huku na huku. Hamidu akaviona kuwa ni uchakavu, akavinyoa vyote kwa wembe siku nzima. Ndiyo kazi ya mikono ya kwanza aliyoifanya mwaka huu, na tumpe heshima yake.

Jumatano akaanza kuhubiri. Katikati laini, alisema, ili uteleze kwenye lami bila kupoteza nguvu. Pembeni meno, ili ukikata kona kwenye vumbi lisikutupe korongoni. Upepo usijaze sana, jaza kiasi, tairi ikumbatie mawe. Wazungu wamekaa miaka kumi wanaifikiria tairi hii. Watu walisikiliza, wakatikisa vichwa kwa furaha, wakaondoka. Waliona kipara ni kipara tu, hata kikipewa hotuba.

Alhamisi asubuhi akaja Mzee Eliufoo, mkulima wa tangawizi kutoka Mamba, amevaa koti la kanisani. Hamidu akamwamkia kwa adabu, akamwaga hotuba. Mzee alivaa miwani, akasoma maandishi madogo ubavuni mwa tairi, akaipapasa, akakuta kinyweleo kimoja kilichoponyoka wembe. Akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba hotuba irudiwe toka mwanzo.

"Nazichukua zote, kwa bei yako," alisema mzee. "Ni za vijana wa kikundi chetu. Ila sisi hatununui maneno. Funga mbili kwenye baiskeli yako, pakia mfuko wangu wa saruji, uje nazo Mamba mwenyewe tuzione."

Hamidu aliifikiria cherehani, akafunga mfuko.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Kwenye lami baiskeli ilikwenda vizuri mno, mpaka akaogopa. Kwenye vumbi akashuka akasukuma, huku akisubiri mlio wa kupasuka kila alipokanyaga jiwe. Haukuja. Kona za mlimani tairi ziling'ang'ania udongo, na Hamidu akamshukuru Mungu kwa muujiza, maana sababu nyingine hakuiona. Alifika jioni, miguu haimtii tena.

Alikuta benchi, meza, na mwenyekiti wa kitongoji na muhuri wake. Mzee Eliufoo alishukuru kwa saruji, akatoa karatasi, akasoma kwa sauti: mimi Hamidu nathibitisha kwamba tairi hizi ni mpya, na zimetengenezwa kiwandani laini katikati na meno pembeni, nikigundulika nimedanganya, shauri litafika baraza la kata.

Sasa, kudanganya kwa mdomo ni kitu kimoja. Kudanganya kwa maandishi, tena Upareni, ni kingine kabisa. Hamidu alishasikia kesi ya kuku mmoja iliyodumu miaka sita na kula ng'ombe wawili. Akairudisha kalamu mezani.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema. "Ni vipara. Hata mimi nimevitoa stoo."

Mzee Eliufoo alihuzunika, au alifanya uso wa kuhuzunika. Alinong'ona na mwenyekiti, kisha akasema kwamba kwa huruma angezichukua zote hivyohivyo, kwa bei ileile ya stoo, vijana wajifunzie kuziba pancha. Hamidu karibu ambusu mkono. Akasaini kwamba ameuza vipara, muhuri ukagongwa.

Ijumaa mzee alishuka naye, akahesabu hela, akabeba mzigo wake. Saa kumi na moja cherehani ilikuwa mahali pake, na Hamidu akalala akijiona mjanja aliyeponea chupuchupu.

Jumamosi Fadhila alishuka kwenye basi, akaingia nyumbani na tairi mbili begani.

"Zawadi yako," alisema. "Kuna mzee wa Mamba anaziuza stendi, watu wamejaa. Ni mpya, amewaonyesha kinyweleo cha kiwandani kilichobaki, na picha zake kwenye simu. Katikati laini kwa ajili ya lami, pembeni meno kwa ajili ya vumbi. Upepo usijaze sana."

Hamidu akauliza bei. Alipoisikia ilimbidi akae chini, kwa sababu jozi ile moja ilikaribia alicholipwa kwa mzigo mzima.

"Maneno hayo nimeshayasikia," alisema kwa shida.

"Inawezekana," Fadhila alijibu, akivuta kiti kwenye cherehani. "Ila yule mzee anayaamini. Ndiyo maana anauza."