Mgonjwa Mzima wa Kijenge

Leo nimeombewa uponyaji, na sina hata mafua.

Wapendwa wa kundi letu, naandika haraka, makosa ya herufi mnisamehe. Nimepata aibu ya kuhama mkoa. Nikikaa nayo peke yangu mpaka kesho nitapasuka, kwa hiyo bora mnisaidie kuibeba.

Mnajua nilikuja Arusha kwa mafunzo ya kazini. Yaliisha jana mchana. Wenzangu wakapanda basi kurudi Dar, mimi nikasema nabaki mpaka Jumapili "kumalizia ripoti". Ripoti gani! Nilikuwa nimechoka. Mwaka mzima sijalala vizuri, nageuka tu kitandani kama chapati kwenye kikaango. Dada mmoja wa ofisini alishanisimulia habari za hoteli moja ndogo, mpya, yenye spa, unakandwa mpaka unasahau jina lako. Nikapiga simu, nikapata chumba.

Tatizo ni mahali ilipo. Teksi ilipokunja kuingia Kijenge, moyo ukanilipuka. Kijenge ndiko anakokaa mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, ndiye aliyenilea tangu natoka kijijini Akheri na sanduku la bati hadi namaliza kidato cha sita. Nyumba yake na ile hoteli, ukikaanga pilipili huku, kule wanapiga chafya. Na kwetu mnakujua. Mtoto kulala hotelini mtaa mmoja na mama aliyemlea ni tusi. Afadhali ungemtukana kweli, ungesema ulikuwa na hasira.

Si kwamba simpendi. Ila kwa mama mdogo hakuna kupumzika. Sala ni alfajiri, na baada ya sala wageni wanaanza kuingia. Kila mgeni anataka kujua nimeolewa au bado, na kama bado, nasubiri nini. Nilitaka siku moja tu ya kutoulizwa kitu. Mpango wangu ulikuwa mzuri: nijifungie ndani, kesho nipande basi, nikifika Moshi ndipo nimpigie. "Mama, nilipita Arusha mbiombio, hata kushuka sikupata nafasi!" (Ndiyo, nilishafanya na mazoezi ya sauti.)

Sasa hilo jumba la hoteli. Lilijengwa na shirika la umma. Shirika likabinafsishwa, jumba likawa zahanati ya mtu binafsi. Zahanati ikafungwa, na mwaka jana akaja mwekezaji, akalipaka rangi ya maziwa, akapanda maua, akaweka kibao kidogo sana getini (sehemu za bei ghali hazipigi kelele). Watu wa Kijenge mpaka leo wanasema tu "pale zahanati". Ningelifikiria hilo mapema, sasa hivi ningekuwa nimelala zangu.

Asubuhi nikaanza na masaji. Dada anayekanda anaitwa Glory, mtoto wa Machame, mpole, kavaa nguo nyeupe pe mpaka viatu. Mikono yake ina baraka. Lakini nitapumzikaje? Kijenge nzima inaingia dirishani: fundi anagonga bati, baa imeshafungulia muziki, kwaya iko mazoezini, mama mmoja anaita "ndizi, ndizi mbivu!" Kila nikisikia sauti ya mwanamke mtu mzima nakakamaa.

"Dada, mbona shingo ngumu hivi?" Glory akauliza. "Legeza."

"Nimelegeza."

"Hii ni kuni, dada."

Akanipaka usoni udongo wa kijani uliopondwa na parachichi, mpaka masikioni. Akanifunga taulo jeupe kichwani, akaniambia nilale chumbani kwangu bila kusema neno hadi ukauke. Nikajaribu. Nikageukia ukutani, nikageukia dirishani. Nikavuta shuka, nikalitupa. Uvumilivu ukaisha, nikatoka kwenye baraza ya ghorofani na gauni langu la taulo, nipunge upepo kidogo nikitazama Mlima Meru. Nikajiambia, kwa uso huu wa kijani hata mama mzazi hawezi kunijua.

Chini barabarani akapita Mama Upendo. Huyu ni jirani wa mama mdogo, wanagawana ukuta na wanaimba kwaya moja. Akainua kichwa, akanitazama. Na mimi, jamani, mdomo wangu ukafunguka wenyewe:

"Shikamoo Mama Upendo!"

Nawaapia sikukusudia. Ni malezi! Mtu mzima akikutazama, shikamoo inatoka kabla hujafikiri. (Kwa mama mdogo, aliyechelewa kuamkia alifuatwa na ufagio.)

"Marahaba," akaitikia, kisha akasimama. "Eeh! Anaeli? Si Anaeli wewe? Una nini usoni, mwanangu?"

Ningeweza kusema lolote. Badala yake nikashika kichwa kwa mikono miwili nifiche uso, nikarudi kinyumenyume, ndala ikateleza, nikapepesuka. Glory akatokea mbio, akanidaka kwapani, akaniingiza ndani nikiburuta miguu. Sasa mjiweke mahali pa Mama Upendo. Pale ni zahanati. Mtoto wa jirani uso umegeuka kijani, kichwa kimefungwa, ukimuuliza hajibu, na nesi anambeba.

Nikarudi chumbani nikijipa moyo kwamba labda hakunitambua. (Jina langu alilitaja mara mbili.) Nikafungua begi nikimbie. Nikaona nikitoka nje ndiyo nitakutana nao wote, nikalifunga. Nikakaa. Nikasimama. Nikaizima simu, nikaiwasha, nikaizima tena.

Haikuchukua muda nikasikia pambio. Sauti za kina mama, na zinapanda ngazi.

(Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba askari wa getini aliwaona wamevaa vitenge sare, akadhani ni kwaya iliyoitwa kutumbuiza wageni. Akawafungulia geti lote.)

Nikaruka kitandani. Mlango ukafunguka. Mbele mama mdogo. Nyuma yake kina mama wa jumuiya yake ya kanisani, mmoja kabeba chupa ya chai, mwingine hotpoti, mwingine sufuria ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, imefungwa kwa kanga. Na nyuma yao kabisa mzee wa kanisa, kofia kaishika kifuani kama tuko msibani.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikamtazama mama mdogo. Kanga kaivaa nje ndani. Mguu wa kulia kiatu cha kanisani, wa kushoto ndala ya bafuni. Macho mekundu. Nikashindwa. Nikafanya nini? Nikaugua.

"Shikamoo mama," nikasema kwa sauti ya mtu anayeaga dunia.

"Marahaba mwanangu, usiongee, usiongee." Akakaa kitandani, akanishika mkono. "Umeletwa lini? Mbona hawakuniita?"

"Jana," nikasema. (Kweli tupu hiyo.)

Mzee wa kanisa akaanza maombi. Akaanza kwa Kiswahili, yalipokolea akahamia Kimeru. Mimi chini ya udongo jasho linanitiririka. Nikafungua mdomo niseme amina, na udongo ulikuwa umeshakauka, shavu likapasuka, kipande kikaanguka kwenye mto.

"Yesu wangu!" mama mmoja akapiga kelele. "Ngozi inabanduka!"

Maombi yakaongezwa moto. Kelele zile zikawatoa wazungu wawili wa chumba cha pili, mke na mume. Na wao wana magauni ya taulo. Na wao wamepakwa kijani! Wakasimama mlangoni wakitabasamu, nadhani waliona ni sehemu ya huduma. Mume akapiga magoti.

"Masikini," Mama Upendo akanong'ona, "na wazungu wameupata. Unaambukiza huu."

Kina mama wote wakarudi nyuma mpaka ukutani. Mama mdogo peke yake hakurudi nyuma. Alinisogelea zaidi, akafungua sufuria, akaanza kunilisha mtori kwa kijiko, anaupuliza kwanza. Mtori ulikuwa mtamu ajabu. Nilijisikia mchawi, lakini niliumeza.

Kisha akalowesha ncha ya kanga, akanifuta shavu polepole. Akainama kutazama.

"Mbona huku chini panang'aa hivi?"

Nilikuwa nakufa. Ndipo akaingia Glory na sinia. Juu ya sinia juisi ya tikiti, ina mrija na ua.

"Oh, samahani, una wageni," akasema kwa adabu zake zote. "Dada Anaeli, yale maji ya miguu yako tayari, tumeshaweka waridi. Na mapokezi wanauliza, masaji ya jioni bado unaitaka?"

Mzee wa kanisa akafumbua jicho moja.

"Nesi," mama mdogo akamwambia, "mwanangu anaumwa nini?"

"Kuumwa?" Glory akashangaa. "Haumwi, mama. Hii ni hoteli. Amekuja kupumzika."

"Hoteli."

"Ndiyo, mama. Wala msiwe na wasiwasi, tunamwangalia vizuri sana, maana alituambia hapa Arusha hana ndugu."

(Hilo hata ninyi nilikuwa sijawaambia. Glory aliniuliza asubuhi wakati ananikanda, nikajibu tu ili maswali yaishe. Nilitegemea tutalipita kimyakimya.)

Mama Upendo akajifunika mdomo na kitenge, mabega yakaanza kutikisika. Mmoja akaangua kicheko, na baada ya huyo chumba kizima. Wazungu nao wakacheka, sijui cha nini. Mzee wa kanisa akavaa kofia yake, akasema kwa upole kabisa, "Basi tushukuru. Mgonjwa amepona."

Mama mdogo hakucheka. Alirudisha kijiko kwenye sufuria. Akatazama miguu yake, na nadhani ndiyo kwanza alikuwa anaona alichovaa.

"Nilipoambiwa umelazwa," akasema, "sikuuliza hata unaumwa nini. Nilitoka tu."

Bora angeniletea ule ufagio. Nilianza kulia palepale, mbele ya jumuiya nzima, machozi yanashuka ya kijani. Nikasema mama nisamehe. Akamgeukia Glory.

"Hayo maji ya miguu yana moto?"

"Yana moto, mama."

"Haya." Akavua kile kiatu, akavua na ile ndala, akaviweka pamoja chini ya kitanda. "Nioshe mimi. Hiyo juisi iweke hapa karibu. Na wewe Anaeli, vaa nguo, uwapeleke hawa wenzangu nyumbani ukawapikie chai. Wameacha shughuli zao kuja kumwombea mtu asiye na ndugu."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimechoka." Akajinyoosha kwenye kitanda changu, akavuta shuka hadi kiunoni. "Nimechoka tangu ulivyokuwa kidato cha kwanza."

Kwa hiyo nimeikata Kijenge nzima kwa miguu, mchana kweupe, sufuria ya mtori kichwani, masikio bado ya kijani, nyuma yangu kina mama wa vitenge sare wanacheka mpaka wanashikana mabega. Habari za ugonjwa zilikuwa zimeshatutangulia. Kila duka tulilopita mtu anatoka nje: "Jamani poleni, mgonjwa anaendeleaje?" Na kila mara Mama Upendo anajibu kwa sauti ya kwaya:

"Si ndiye huyu amebeba sufuria!"

Nyumbani nimepika chai, nimekaanga maandazi, nimeulizwa nimeolewa au bado. Nimewajibu wote. Nilipopata upenyo nikatoka, nikaingia kwenye hiki kiduka cha intaneti, lakini kabla ya kuwaandikia nikapiga simu hotelini, nikaomba niunganishwe na chumba changu.

"Mama, nisamehe. Nilikosea sana."

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama. Anaeli."

"Anaeli yupi? Samahani dada, umekosea namba. Mimi hapa Arusha sina ndugu."

Akakata. Kabla hajakata nilisikia Glory anacheka, na nyuma yake kicheko kingine, kile cha mama mdogo cha kupitia puani. Simu ilikuwa inakoroma, siwezi kuapa. Nimekaa hapa najirudishia ile sauti kichwani na kila nikiirudisha nazidi kuamini kwamba alicheka.

Sasa nawaombeni, asicheke mtu mwingine, kwa leo wametosha. Wala msinijibu sasa hivi. Niliaga naenda kununua sukari, na jumuiya nzima iko sebuleni na vikombe mkononi.