Pipa la Kulainisha Maji

Uweso alikuwa amekaa kwenye baraza ya duka la Kutbuddin, pale Pangani, akinywa kahawa aliyonunuliwa na mwingine, aliposikia mwanamke akilalamika dukani. Alikuwa Bi Asmahani, mfua nguo wa mji. Maji ya kisima chake, alisema, yalikuwa magumu kupita kiasi. Ukisugua sabuni, mahali pa povu yanatoka madonge meupe yanayong'ang'ania nguo. Na Maulidi ndiyo hayo yanakuja, mji mzima umemletea kanzu, naye zikirudi na madoa hana pa kuuweka uso wake.

"Basi hama kisima, mama," alisema Kutbuddin akimfungia mche mwingine wa sabuni. Hakusema kwa moyo, kwa maana hakuna mteja aliyemfaidisha kuliko kisima kile.

Uweso akaweka kikombe chini. Kazi hakuwa nayo, lakini suti alikuwa nayo, na saa ya mkononi, na viatu vya ngozi vilivyolia akitembea. Jambo moja tu lilimkosesha raha. Tanga nzima ilikuwa imemwona akiondoka kwa miguu, naye alikuwa ameapa kurudi mtaani kwake Ngamiani juu ya baiskeli. Na Bi Asmahani, kila mtu alijua, alikuwa na baiskeli ya marehemu mumewe, imefunikwa kanga ukumbini, haijapata hata mkwaruzo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia habari za kisima chako, moyo umeniuma. Mimi ni fundi wa maji."

"Unachimba visima?"

"Kuchimba ni kazi ya jembe, mama. Mimi nashughulika na maji yenyewe. Nayalainisha."

Tumtendee haki: hapo hakuwa mwongo kabisa. Aliwahi kuwa boi nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge, huko upande wa Mwera, na mle ndani mlikuwa na mashine ya kweli, mtungi wa chuma ambao mpishi aliulisha chumvi na maji yakatoka laini. Kilichokuwamo ndani ya mtungi Uweso hakukijua, wala hakuona sababu ya kukijua.

Kesho yake akafika uani kwa Bi Asmahani na pipa lililopakwa rangi ya kijani, lina bomba chini, na ndani mna mchanga na kokoto. Chini ya kokoto, mahali pasipoonekana, alikuwa amekatakata mche mzima wa sabuni, akaunyunyizia marashi kuficha harufu. Akamimina maji ya kisima, akaligonga pipa kwa bisibisi, akatega sikio kwa heshima zote, kisha akafungua bomba. Bi Asmahani akakinga mikono, akasugua. Povu!

"Subhanallah! Lakini mbona meupemeupe?"

"Huo ndio ugumu, mama. Unaaga."

"Na yananukia marashi."

"Ni dawa. Maji haya, wallahi, unaweza kumnywesha mtoto mchanga."

Fedha Uweso hakutaka. Alitaka baiskeli tu. Bi Asmahani akaitazama ile kanga ukumbini, akafikiri kidogo. "Kwanza nimalize nguo za Maulidi," alisema. "Tukiona mashine yako ni ya kweli, baiskeli ni yako."

Taabu ikaanza hapo hapo. Maji yale magumu yalikula sabuni bila huruma, na karo la kwanza la nguo lilipokwisha pipa nalo lilikuwa limekwisha nguvu. Basi kila Bi Asmahani alipokwenda kuanika, Uweso alifunua kifuniko, eti anaihudumia mashine, akatumbukiza mche mwingine. Na mche wautoa wapi, ewe kijana usiye na senti? Saa ikahamia mkononi mwa Kutbuddin. Ikafuata koti.

"Bwana Uweso," aliuliza Kutbuddin alipoletewa na viatu, "sabuni hii unakula?"

"Mimi ni mtu wa kuoga."

Kila alichovua alijiambia kuwa hilo ni gurudumu moja, au usukani, au kengele.

Siku ya mwisho kanzu zilijaa kambani, nyeupe hata zaumiza macho. Alasiri ilikuwa imekaribia, na Mzee Hatibu, mwadhini, akaja kuchukua yake.

"Tawadha hapa hapa, mzee," alisema Bi Asmahani, "kuna maji ya fundi."

"Mwenye mashine atangulie," akajibu Mzee Hatibu, akamkabidhi Uweso kata. "Twende wote msikitini, watu wamwone."

"Hayo ni ya kufulia, mzee."

"Ala! Si uliapa yanafaa kumnywesha mtoto mchanga?" aliuliza Bi Asmahani.

Uweso alikuwa amefikiria rangi, amefikiria hata harufu. Hakufikiria kwamba kwa watu hawa maji hupimwa kwa kinywa na pua, tena kutwa mara tano. Akajaza kinywa, akasukutua. Povu likamtoka pembe za midomo. Akapandisha puani, akapiga chafya, na katika tundu moja la pua likachomoza puto kubwa la sabuni, likaning'inia, likang'aa, Mzee Hatibu akilikodolea macho mpaka likapasuka.

"Lahaula! Kijana huyu ana kifafa?"

"Ana sabuni," alisema Bi Asmahani. "Umri wangu wote nashika sabuni, mzee, marashi yatanificha harufu yake?"

Uweso akapangusa uso. "Kumbe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza, mwanangu. Ndiyo maana nilikuwa naanika polepole, upate nafasi."

Uweso akazitazama zile kanzu kambani. Pale ndipo ilipokuwa saa yake, na koti lake, na viatu vyake, vimefuliwa vikaanikwa. Iliuma, iliuma kweli, na kwa machozi yaliyomjaa machoni hakuweza kuisingizia sabuni peke yake.

"Na baiskeli, mama?"

"Tulisema mashine ya kweli."

Bi Asmahani hakuwa na roho mbaya. Alimfungia mikate ya mofa ya kula njiani, akamsindikiza hadi mlangoni, akamshika bega kwa upole wa mzazi.

"Sasa nenda salama," alisema. "Ila Idi ikikaribia, mwanangu, usikose kuja na mashine yako."