Ng'ombe Wangu Alipofika Bungeni

Yule mtu wa ng'ombe aliyetajwa redioni leo mchana ni mimi. Nawaandikia nyinyi niliosoma nanyi chuo cha ualimu kabla hamjasimuliwa na watu wengine. Ingawa najua mmeshasikia. Kenya nzima imesikia.

Wacha nianze mwanzo. Dada yangu mdogo aliolewa, mahari ikaletwa nyumbani kwetu, huku kijijini Kwanza. Sasa mnajua kwetu, katika mahari ya binti lazima kuwe na ng'ombe wa mjomba. Hilo halina mjadala. Baba alishafariki, kwa hiyo mwenye kumtoa huyo ng'ombe ni mimi. Mjomba wangu, ambaye sisi humwita Khocha, anakaa Myanga huko Bungoma, na alikuwa ameniulizia zaidi ya mara moja. Nikamwambia, "Mvua ikiisha, Khocha." Mvua ikaisha. Nikasema, "Tukimaliza kuvuna." Tukamaliza. Shida ni kwamba mtamba mwenyewe alikuwa mzuri, ana paji jeupe, na alikuwa na mimba. (Nyinyi mngemtoa?)

Siku moja nilienda Kitale kutafuta mbolea. Kurudi, mtamba hayupo.

Msinicheke haraka. Msimu huo wezi wa mifugo walikuwa wametutesa kweli. Jirani yangu Mama Robai, mjane, walikuja kwake na bunduki wakamchukulia maksai wake wa kulimia, wote wawili, wakaacha maganda ya risasi zizini. Tangu siku hiyo analima kwa jembe la mkono. Shamba ambalo maksai walikuwa wakilimaliza kwa siku chache, yeye linamla msimu mzima. Kwa hiyo nilipoona kigingi kitupu, sikuhitaji kuuliza mtu. Niligeuza baiskeli pale pale nikarudi Kitale kwa polisi, nikaandikisha kwamba nimevamiwa. Jioni nikawaambia watu wa nyumbani wanyamaze, asiongee mtu, mimi ndiye nitakayeongea na serikali. Mama yangu alitaka kusema kitu. Nikamwambia, "Mama, haya ni mambo ya ofisi."

(Hapo ndipo mngenipiga kofi, kama mngekuwepo.)

Haukupita muda mrefu, mbunge wetu akaja kwenye baraza. Tulikuwa na ombi moja tu: kituo cha polisi, na gari lake. Mbunge akasema yuko tayari kumwuliza waziri Bungeni, lakini akatuonya. "Nipeni kisa kimoja safi. Mkinipa visa kumi, waziri atajibu kile rahisi na vingine ataviruka." Watu wakaniangalia mimi, mwalimu. Mama Robai alikuwa amekaa karibu yangu. Akaninong'oneza, "Mwalimu, si useme ya maksai yangu. Hata maganda ya risasi niko nayo kwa karatasi."

Nikasimama nikasema ya mtamba wangu.

Nilijiambia kwamba mimi nina maelezo kamili, naweza kuhojiwa, na yeye hajui Kiswahili cha ofisi. Ukweli ni kwamba nilitaka jina langu litajwe Bungeni. Nililitaka sana. Nilikuwa nimeshaanza kusikia vile litakavyotamkwa.

Sasa leo. Mama alisema twende Myanga tumsalimie Khocha, ni muda mrefu. Nikakubali upesi, kwa sababu swali langu lilikuwa limepangwa kujibiwa leo asubuhi, na Khocha ana redio kubwa ambayo haikwaruzi. Nikabeba gunia la mahindi la kumtuliza juu ya yule ng'ombe ambaye, masikini, nilikuwa nimeibiwa. Mama Robai akaomba kufuatana nasi. Amezaliwa upande huo, na alitaka kusikia habari ya kituo cha polisi kwa masikio yake mwenyewe.

Khocha alitupokea vizuri mno. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Mwana wa dada yangu, asante. Umenipa heshima."

Nikafikiri anasema mahindi. Nikamwambia ni kidogo tu, Khocha, wakati ni mgumu.

Tukaketi uani. Majirani wakaja, maana nilikuwa nimewatangazia tangu njiani kwamba leo serikali inanijibu. Chai ikaletwa. Chai nzito, ya maziwa matupu. Nikamsifu mke wa Khocha mbele ya watu, nikasema maziwa kama haya hata Kitale hakuna. Khocha akacheka kwa furaha akasema, "Ni yako, mwalimu. Kunywa." Nikaona huo ndio ukarimu wa watu wa Bungoma. Nikaongezewa.

Baada ya taarifa ya habari ya saa saba wakaanza muhtasari wa Bunge. Kwanza waziri wa ulinzi aliulizwa kama anajua kwamba buti za wanajeshi wapya zinaachia soli. Akajibu kwamba habari za buti zinahusu usalama wa taifa na hawezi kuzijadili hadharani. Mzee mmoja akasema, "Hiyo sirikari inajua kujibu, bana." Nikamwambia ngoja, yangu hawezi kuiruka. Nikavuta kiti karibu na redio. Nikainua kidole watu wanyamaze. Hata kuku nilimfukuza.

Msomaji akasema mbunge wetu alimwuliza waziri mdogo wa mambo ya ndani kama ana habari kwamba ng'ombe wa Mwalimu Barasa wa Kwanza aliibwa na wavamizi, na ni lini serikali itafungua kituo cha polisi hapo.

Jina langu! Lilitoka zuri kuliko nilivyowaza. Nikawaangalia watu mmoja mmoja. Mama alikuwa anaangalia chini.

"Akijibu," msomaji akaendelea, "waziri mdogo alisema kwamba ng'ombe huyo hakuibwa. Polisi walifanya uchunguzi na kumkuta nyumbani kwa mjomba wa mlalamikaji, eneo la Myanga, akiwa salama na amezaa ndama jike."

Nyuma ya jiko kitu kikalia. Sikuhitaji kuinuka, lakini niliinuka. Nikachungulia. Paji jeupe. Ndama pembeni, naye ana paji jeupe. Nilikuwa bado na kikombe mkononi, kikombe cha pili.

Niliporudi, msomaji alikuwa anamalizia. Mbunge wetu alisimama tena akauliza, basi na kituo cha polisi je? Waziri mdogo akasema serikali haiwezi kupeleka askari na gari Kwanza kuwalinda wananchi dhidi ya wajomba zao. "Wabunge waliangua kicheko," msomaji akasema, yeye mwenyewe hakucheka, na akaingia swali lingine, la magereza.

Uani pia walicheka. Yule mzee alicheka hadi akashikilia mti wa uzio. Khocha ndiye hakucheka. Aliniuliza polepole, "Kwani hukuwa unajua? Mama yako alisema umekubali. Mimi nilikuja mchana, mbele ya watu, nikaomba, nikapewa kamba."

Nikamgeukia Mama. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

"Polisi walipokuja kuchunguza, si ungesema?"

"Niliwaambia yote. Wewe ulikuwa shule. Wakasema usijali, mama, jibu litatoka juu." Akapanga kitambaa chake kichwani. "Na mimi nimechoka, mwanangu. Kila mwezi ndugu yangu anauliza, kila mwezi wewe unasema mvua. Hiyo ng'ombe haikuwa yako."

Nikamwomba Khocha msamaha mbele ya watu. Akanisamehe hapo hapo, tena akasema ndama akikua nitampata mimi, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Watu wakatawanyika wakiniita Mheshimiwa.

Hayo yote ningeyavumilia, jamani. Nimeitwa mabaya kuliko Mheshimiwa. Wanafunzi watanililia kama ng'ombe kesho nikigeukia ubao, na watakuwa na haki yao. Lakini nilipogeuka kutafuta baiskeli ya kuazima nikafie mbali, nilimkuta Mama Robai bado ameketi kwenye mkeka, kikombe chake hajakigusa. Hakuwa amecheka. Mkononi ana kile kikaratasi cha maganda ya risasi. Alikuwa amekuja nacho kutoka Kwanza, sijui alifikiri nani angekitaka hapa.

Nikachuchumaa karibu naye. Nikasema, "Mama Robai, nimekukosea. Nitamwendea mbunge tena. Nitasema yako."

"Atauliza tena?"

Sote wawili tulijua. Mbunge gani atasimama tena kutaja ng'ombe wa Kwanza, wenzake wasimlilie kama ndama? Hata wale wezi, kama wana redio, wamejua leo kwamba hakuna gari linalokuja.

Alifunga karatasi yake vizuri, akaitia kifuani. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia:

"Mwalimu, wajomba zangu pia wanakaa hapa Myanga. Si nipitie kwao niangalie kama maksai yangu iko?"

Nichekeni mimi, nimeruhusu. Lakini mkikutana na huyo mama njiani, anatoka shambani na jembe lake, tafadhali msicheke.