Mkono Juu ya Pete

Jumamosi, 6 Machi 1971
Nimetoka Nyaramba. Baada ya kanisa la Sabato, Mzee Ratemo, babake Bochaberi, alinikaribisha ndizi na maziwa. Akanisimulia habari za marehemu mwanawe Manasseh, fundi wa nguzo za stima. Alivyojivunia mtoto huyo! Mwalimu Onchiri, anayetaka kumwoa Bochaberi kama mimi, alikuwa ameketi hapo. Nikasikia kinywa changu kikisema kwamba mimi pia ni fundi wa stima.
Mimi ni karani wa stoo ya kampuni ya stima. Hata swichi ya taa naibonyeza kwa kalamu.

Jumanne, 9 Machi
Mzee ameagiza picha yangu nikiwa kazini, aitundike ukutani. Nimemwomba fundi Okemwa ile fimbo ndefu ya kupimia nyaya za umeme mkubwa. Akaniuliza, Bwana Karani, unaenda kuchunga ng'ombe? Kisha akaacha kucheka. Mkono ukae chini ya pete hii nyekundu ya fimbo, akasema, usivuke hata ukiitwa na mamako.

Jumatano, 10 Machi
Studio, Kisii mjini. Mpiga picha alisema nikishika chini hivyo nafanana na mlinzi mwenye rungu. Shika juu, bwana, saa ionekane. Nikapandisha mkono. Saa ni ya kuazima, lakini ilionekana vizuri.

Jumamosi, 13 Machi
Mzee aliitazama picha, akaketi. Mama Eucabeth, mkewe, akaweka kidole penye mkono wangu, akalia bila sauti.
Bochaberi alinieleza nje, penye migomba. Manasseh alishika hivyohivyo, juu ya pete, siku ya manyunyu umeme ulipomuua. Mama ananipenda, ila hawezi kuzika mwingine. Hatamtoa binti kwa mtu wa stima. Akaniuliza kama siwezi kutafuta kazi nyingine yoyote, hata ya ukarani.
Neno lilikuwa mdomoni. Lakini Mzee alisimama mlangoni, akinitazama kama mtu aliyerudishiwa mwanawe. Nikajibu kwamba hatari nimeizoea.

Jumatatu, 15 Machi
Nimelia stoo, nyuma ya maboksi ya balbu. Ukweli ungenipa mke. Ungempa Onchiri kicheko pia.
Nimepata njia. Picha nyingine, mkono chini ya pete. Wakiona ninavyojua kujilinda, hofu itawatoka. Studio haitoshi, wataniona mwigizaji. Mpiga picha amekubali kuja na kamera hadi Nyakoe, kwenye nguzo yenyewe. Okemwa hajui. Nimechukua fimbo na ngazi.