Mvinyo wa Kisima Namba Saba

Jumatatu, 16 Septemba

Mwaka huu utepe wa bluu, ule wa mshindi wa mvinyo, ni wangu. Nimeshasema! Miaka sita mfululizo Mwalimu Thelma Ostrander anaunyakua kwenye Karamu ya Mavuno, na miaka sita mimi nampigia makofi huku nimeuma meno. Mwaka jana aliniambia mvinyo wangu una harufu ya soksi zilizofungiwa ndani ya gari. Mbele ya mchungaji! Ana miaka sabini na nne, alinifundisha darasa la nne, na mpaka leo hajaacha kunisahihisha.

Tatizo langu ni joto tu. Mvinyo wa saskatuni, vitunda vya zambarau vya huku kwetu, unataka nyuzi ishirini mchana na usiku, bila kupanda wala kushuka. Nyumbani hapafai. Lesia, mke wangu, amepiga marufuku mitungi tangu ile miwili ilipopasuka na kutapikia zambarau mapazia ya marehemu mama yake. Gereji nayo imeshaanza kuwa friji.

Lakini kazini je! Kibanda cha Kisima Namba Saba kina hita isiyozimwa mwaka mzima, kwa ajili ya mitambo. Anayeingia mle ni mtu mmoja tu, fundi wa vipimo. Fundi wa vipimo ni mimi.

Nimefanya tathmini ya hatari, kama tulivyofundishwa. Uwezekano wa kukamatwa, kuanzia moja mpaka tano: moja. Madhara nikikamatwa: tano. Moja mara tano ni tano. Kwenye jedwali la bosi wangu, Injinia Gurleen, tano ina rangi ya kijani. Kijani maana yake endelea.

Jumanne, 17 Septemba

Mitungi minne ya kioo imeingia, kila mmoja lita ishirini na tatu. Ndani: matunda niliyochuma Julai na kuyagandisha, sukari mara mbili, hamira mara nne ya ile iliyoandikwa kwenye pakiti. Karamu ni tarehe 19 Oktoba, sina muda wa kubembelezana na hamira.

Nimeizungushia maboksi yaliyoandikwa KARATASI ZA 2009. Hajazaliwa binadamu wa kufungua karatasi za 2009.

Kufikia jioni mitungi ilikuwa inaimba. Blup, blup, blup. Nimekaa nayo nusu saa nzima. Raha tupu!

Alhamisi, 19 Septemba

Balaa!

Saa nne asubuhi king'ora cha Namba Saba kimelia. Hewa ukaa ndani ya kibanda, mara sita ya kawaida. Ofisi nzima ilisimama. Injinia Gurleen aliacha chai yake ikapoa, na yule mama haachi chai kwa jambo dogo.

Niandike wazi ili siku nyingine nisijifanye sikujua. Kampuni yetu inakamata hewa ukaa ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe na kuisukuma ardhini, kilomita moja na nusu chini ya ngano, ikae humo isirudi tena. Mimi nalipwa kuhakikisha hairudi. Miaka kumi na moja haijarudi. Na hamira ikila sukari hutoa pombe na nini? Hewa ukaa! Jambo hilo nalijua. Nimelisomea! Sijui juzi nilikuwa nimeliweka wapi.

Nilimwambia Injinia kwamba bila shaka kipimo kimeharibika. Alinijibu kwamba kipimo kibovu ni jibu la mwisho kwenye orodha, si la kwanza, na mimi mwenye miaka kumi na moja humu nilitakiwa kulijua hilo kuliko wote. Kisha akaniuliza mbona natokwa jasho. Nikasema ni sweta.

Ijumaa, 20 Septemba

Usiniite mjinga, daftari. Nimepata dawa.

Kama hewa ukaa ya mvinyo ndiyo inayojaza kibanda, basi isibaki kibandani. Nimeunganisha vizibo vyote vinne kwa mpira mmoja mwembamba, nikaupitisha kwenye tundu la waya ukutani, nikauzamisha kwenye shimo la kindi wa ardhini nje. Hewa ukaa ni nzito, itatulia shimoni. Kindi wameshahama, nilichungulia.

Kufikia saa nane kibanda kilikuwa safi kabisa. Injinia alipiga simu akasema hata yeye anashangaa. Uwezekano wa matatizo zaidi: moja. Nimelala mchana, usingizi wa mtoto.

Jumamosi, 21 Septemba

Mita mbili kutoka shimo la kindi kuna mrija wa kupima hewa ya udongo. Niliusimika mwenyewe mwaka 2014. Nikaupaka rangi nyekundu kwa mikono yangu miwili ili watu wasiusahau.

Mara tisa ya kawaida.

Sasa si kibanda tena, ni ardhi. Injinia Gurleen alifungua Daftari la Hatari, akasoma mstari wa kumi na mbili, hewa kupanda kupitia kisima cha zamani, kisha akausoma tena. Pampu zimezimwa. Utepe wa njano umezungushwa. Vijana wa dharura wamekuja na barakoa. Utaratibu unasema watu wote walio ndani ya nusu kilomita wahame mpaka chanzo kijulikane.

Ndani ya nusu kilomita kuna nyumba moja tu. Ya Mwalimu Thelma.

Injinia aliuliza nani ana chumba cha wageni. Lesia, aliyekuja kuniletea chakula tu, alinyoosha mkono. Mke wangu mwenyewe!

Jumapili, 22 Septemba

Mwalimu amehamia na sanduku moja la nguo na chupa tano za mvinyo, kila chupa imefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kufikia saa sita alikuwa amepanga upya kabati la viungo, amemwambia Lesia pirohi zake, yale madonge ya unga yenye viazi ndani, zimezidi unga, na mimi amenitaka nikae wima.

Halafu, tukila, aliweka uma chini chakula kikiwa nusu. Si kawaida yake. Akamuuliza Lesia, taratibu, kama ardhi kweli inavuja, je, watamruhusu kurudi? Lesia akasema asiwe na wasiwasi. Mwalimu akasema anauliza tu, kwa sababu ile nyumba marehemu mumewe Clarence aliijenga kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa kwenye plasta, na yeye amekaa humo miaka hamsini na mbili. Hajui kulala kwingine. Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

Nilijiona mchafu. Nikaamua: kesho asubuhi naenda kwa Injinia namwambia kila kitu.

Akainuka kwenda chumbani. Mlangoni akageuka, akasema heri moja ya mkasa huu ni kwamba kwa hofu yote hii mwaka huu Borden, yaani mimi, hatapata muda wa kutengeneza ule uchafu wake.

Nimeahirisha kidogo.

Jumatano, 25 Septemba

Mpango: kuingia, kutoa mitungi, kuondoka. Dakika ishirini.

Kikwazo: Injinia amenipa kazi ya kulinda kibanda asiingie mtu yeyote. Nikauliza, na mimi je? Akasema, hasa wewe, una watoto wawili chuoni. Nimeguswa, na nimekwama.

Jumatatu walichukua hewa ya udongo kwenye vichupa na kuipeleka maabara mjini Regina, kwa dharura. Nilimuuliza kijana wa maabara kwa simu, kiutani tu, watajuaje hewa imetoka wapi, si hewa ni hewa? Alifurahi mno kuulizwa. Kumbe makaa ya mawe ni ya kale kiasi kwamba kaboni yake imepoteza kabisa alama ya ujana, ila kaboni ya mmea wa juzijuzi bado inayo. Hewa inatoboa siri ya umri wake! Nikamshukuru. Nikakaa chini kwenye nyasi.

Mjini kwetu Tolvik hakuna mazungumzo mengine. Kinyozi anasema kanisa litazama. Wafanyakazi wa kampuni, watu thelathini na wanne, wananiuliza mimi kama pampu zitawashwa tena. Namjibu kila mmoja nina matumaini. Ni kweli, nayo ni matumaini ya mtu anayejua.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimekwisha.

Mkutano wa hadhara ulikuwa kwenye ukumbi wa kerlingi, ule mchezo wa kuserereshea mawe kwenye barafu, kwa kuwa ndio pekee unaotosha watu wote. Barafu bado haijawekwa lakini ubaridi upo, watu wamejikunyata. Mwalimu Thelma mstari wa mbele, mkoba magotini. Mimi kando yake, maana Lesia alinikalisha hapo.

Injinia Gurleen alipanda jukwaani na karatasi ya maabara, na kwa mara ya kwanza wiki nzima alikuwa anacheka kidogo. Akasema hewa hii haikutoka chini. Watu wakashusha pumzi kwa pamoja. Akasema haina hata tone la makaa ya mawe. Ni kaboni changa, ya mmea wa kiangazi hiki. Kuna kitu cha majira haya kinachachuka karibu na Namba Saba, na yeye hajui ni kitu gani, ila anaomba aliye na wazo amsaidie.

Watu wakaanza kutazamana. Kisha nikahisi shingo yangu inaungua upande wa kushoto. Mwalimu ananitazama. Macho yaleyale ya darasa la nne, siku ile ya chura kwenye droo.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama anayeuliza saa, eti Borden, kwa mtungi wa lita ishirini na tatu, mtu anatia hamira vijiko vingapi?

"Vinane!" nikasema. Kwa kujigamba! Mbele ya watu mia moja na arobaini!

Mwalimu akafumba macho. "Vinane," akarudia. "Jamani, vinane! Ndiyo maana inanuka soksi."

Sijawahi kusikia ukumbi ule ukicheka namna hiyo, hata mwaka ule mchungaji alipoteleza na jiwe la kerlingi mpaka ukutani. Injinia Gurleen hakucheka. Aliniomba funguo. Lesia hakucheka pia, lakini yeye nitamwandika nikipata nguvu.

Jumamosi, 28 Septemba

Mwalimu amerudi kwake. Nimembebea sanduku mpaka ndani, akazungukia kila chumba akigusa kuta, halafu akakaa kwenye kiti cha Clarence na kulia kidogo. Nikamwomba msamaha. Niliomba kwa moyo wote. Akanipangusa mabega akasema mimi ni mjinga ila si mwovu, na kwamba alishaliandika hilo kwenye ripoti yangu ya shule mwaka 1981.

Pampu zimewashwa. Mitungi minne imetolewa hadharani. Mwalimu alionja kijiko kimoja, kwa haki kama alivyosema, kisha akashauri tuutumie kusafishia vioo vya madirisha.

Sikufukuzwa. Injinia alisema vipimo vya kampuni vimefanya kazi vizuri kupita matarajio, na aliyevijaribu kwa ukamilifu kiasi hiki ni mimi peke yangu, japo kwa upumbavu. Namba Saba nimenyang'anywa. Nimepewa Namba Kumi na Mbili, kule mbali, kibanda kipya, hita mpya. Na nimeamriwa kuandika kwa mkono wangu mstari mpya kwenye Daftari la Hatari, wa arobaini na nane: Mfanyakazi kutengeneza mvinyo kibandani.

Kwenye uwezekano wa kutokea tena nimeweka moja. Nimeapa, na safari hii kiapo kinatoka moyoni.

Jumapili, 20 Oktoba

Jana Mwalimu Thelma alichukua utepe wa saba. Nilipiga makofi kama muungwana. Lesia ameanza kunisemesha, maneno mafupi mafupi.

Niseme ukweli mbele ya Mungu: mvinyo nimeachana nao. Hautakanyaga kibanda changu mpaka nistaafu. Mstari wa arobaini na nane unasema mvinyo, nami nauheshimu, niliuandika mwenyewe.

Januari ni Malanka, sherehe yetu ya mwaka mpya wa kizamani, na huko hakuna mashindano ya mvinyo hata kidogo. Kuna ya kabichi chachu. Mwalimu ameyashinda mara nne. Kabichi, jamani! Mboga! Unaikatakata, unatia chumvi, unaishindilia kwenye pipa, unaiacha wiki kadhaa mahali penye joto lisilobadilika. Hakuna sukari, hakuna hamira, hakuna hatari yoyote ninayoiona.

Mapipa matatu yameingia Namba Kumi na Mbili siku ya Alhamisi. Nilipita leo baada ya kanisa kuyasalimia. Nadhani sakafu ya kile kibanda haiko sawa, kwa sababu vifuniko vyote vitatu vilikuwa vimejiinua vyenyewe. Nimeviwekea mawe.