Nyuzi na Mzinga: Ulinganisho Usio na Upendeleo

Jumatatu, 3 Machi

"Mmh." Basi. Mguno mmoja wa Profesa, wenye kushuka mwishoni, na tangu mkutano wa asubuhi haujanitoka kichwani. Ulikuwa mguno wa kuridhika. Haukuwa wangu. Aliguniwa Taratibu, mwenzangu wa meza ya pili, tuliyempa jina hilo kwa kuwa husoma maelekezo hata ya kufungua chupa ya maji.

Profesa ametupa kazi. Tulinganishe programu huria mbili za kuziandikia maagizo kompyuta za kwanta, zile zinazohesabu kwa chembe ndogo kabisa, Nyuzi na Mzinga. Zote za bure, zote wazi kwa yeyote kuzichungulia na kuzirekebisha. Ijumaa tumwambie ipi ifundishwe. Atakayemshawishi ndiye atakayefundisha darasa. Darasa hilo nalitaka kuliko usingizi! Taratibu anaegemea Nyuzi. Kwa hiyo mimi, baada ya kutafakari bila upendeleo wowote, ni wa Mzinga.

Jumanne, 4 Machi

Nimeikamata! Jaribio dogo: kyubiti tatu, yaani tarakimu za kompyuta hizo, zote sifuri, geuza ya kwanza iwe moja. Mzinga: moja, sifuri, sifuri. Nyuzi: sifuri, sifuri, moja. Imegeuza ya mwisho! Programu ya kutumiwa na maelfu, haijui kwanza wala mwisho.

Mwingine angemwuliza Taratibu. Mimi, wapi! Nikaandika kwenye ukurasa wa hadhara wa Nyuzi, panaporipotiwa hitilafu: "Kosa kubwa la msingi." Jina langu kamili. Na shahada.

Nyumbani nikamsimulia dada, mwalimu wa chekechea, akiwa anakata samaki wa karatasi. Akauliza watu wote hao hawakuliona, nimeliona mimi tu? Nikamweleza kuwa ugunduzi ndivyo ulivyo. Akasema haya mdogo wangu, shika mkasi.

Alhamisi, 6 Machi

Majibu. Mmoja wa watunzaji wa Nyuzi, simjui, mpole hadi inaudhi, ameshukuru. Kwamba Nyuzi huandika kyubiti ya kwanza upande wa kulia, Mzinga upande wa kushoto. Kwamba zote ni sahihi. Kwamba imeelezwa kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo. Chini yake, msururu wa vikatuni vinavyocheka. Nikajaribu kufuta. Haifutiki! Uwazi huu wa programu huria umepita mpaka.

Taratibu akapita na kikombe chake. "Dada, leo nikae kulia kwako au kushoto?" Chumba kizima hoi.

Lakini mtunzaji aliongeza kuwa nikipenda niandike sentensi ya kuwatahadharisha wageni. Nikaandika. Wakaipokea. Sasa jina langu limo kati ya wachangiaji wa Nyuzi! Mpango mpya: mimi ni wa Nyuzi, tena wa ndani. Kesho namng'oa Taratibu kwenye kiti chake mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nilitangulia kusema. Niliisifu Nyuzi hadi koo likakauka. Ndipo Taratibu akasimama, na kumbe naye amegeuka! Eti Nyuzi ni nzuri, ila humpoteza anayeanza, na ushahidi anao: hata dada yetu hapa, msomi, makini, imempoteza. Ripoti yangu ikaangazwa ukutani, kubwa kama dirisha. Profesa akachagua Mzinga. Taratibu atafundisha. Yaani chaguo langu limeshinda, nimeshindwa mimi.

Baadaye Profesa akanivuta pembeni. "Mwanangu, siku nyingine soma kwanza." Nikaitikia kwa adabu.

Nimewaza njia nzima. Shida si kusoma. Shida ni hizi pande mbili. Nimeamua kuunda programu yangu, itakayohesabu kyubiti kuanzia katikati, isimwonee mtu. Haina hata mstari mmoja bado, lakini ukurasa wake nimeshaufungua kwa umma, na tangazo limeshawafikia wanafunzi wote waliojiandikisha darasa la Taratibu. Mmoja ameuliza, zikiwa kyubiti nne, katikati ni ipi. Nimeshamfungia ukurasa.