Tume, Chuma na Ghorofa ya Ishirini na Mbili

Tunapenda kuutangazia umma kwamba Jengo Namba Moja halikuanguka. Lilishuka. Tofauti hiyo ilitugharimu vikao vinne, na mimi, Katibu wa Tume ya Kubaini Sababu za Kushuka kwa Jengo Namba Moja, ndiye niliyeandika mihtasari yote. Ninachosema nakijua.

Tukio lenyewe halina ubishi. Upepo mkali uliangusha mkono wa kreni kutoka kiwanja cha jirani. Mkono ukaingia ghorofa ya kumi na mbili bila hodi, ukakata nguzo tatu za chuma na kupasua tangi la dizeli la jenereta. Moto ukawaka. Saa moja na nusu baadaye, ghorofa zote ishirini na mbili zilikuwa chini. Hakufa mtu. Kreni ilipiga saa sita na nusu mchana, na saa ya chakula, ambayo kisheria huanza saa saba, kwetu watumishi wa umma huanza saa sita kamili. Tume ilipendekeza utaratibu huo upewe nishani.

Kazi yetu ilikuwa kutaja sababu, kisha kutia saini cheti kwamba Jengo Namba Mbili, pacha wake aliyebaki ng'ambo ya barabara, ni salama. Watu mia sita wanafanya kazi humo.

Mwenyekiti wetu, mtu wa suti ya vipande vitatu hata wakati wa joto, alikuwa na jibu kabla ya kikao cha kwanza.

"Chuma hakiyeyuki kwa dizeli," alisema. "Kwa hiyo si moto. Nguzo zilikosa uzalendo."

Wajumbe wakapiga meza. Ingeishia hapo, kama asingeingia shahidi wa saba: fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima unamwita Mama Cheche. Alikuja na ovaroli lenye matundu ya moto, miwani ya kazi kaipandisha kichwani. Amechomelea vyuma miaka thelathini. Binti yake wa pekee anapokea simu ghorofa ya kumi na tisa, Jengo Namba Mbili.

"Mheshimiwa, nani kakwambia lazima kiyeyuke?" aliuliza kabla hajakaa.

"Sayansi," akajibu Mwenyekiti.

"Mimi nakichoma kila siku. Kikishakuwa chekundu bado ni chuma, hakijayeyuka hata tone, lakini nakipinda ninavyotaka. Joto la moto kama ule linakipunguzia nguvu nusu nzima. Sasa niambie, zile nguzo tatu zilizokatwa, mzigo wake ulibebwa na nani?"

Wajumbe wakaanza kupekua mafaili yao.

"Na majirani zake! Wanabeba wao, wanabeba na wa wenzao, huku wanachomwa. Sakafu nazo zinalegea, zinaning'inia, zinavuta nguzo kwa ndani. Nguzo ikishapinda haibebi tena. Ghorofa kumi za juu zikishuka kwa mpigo mmoja, ya chini ipi itazidaka?"

Mwenyekiti akaniinamia. "Andika: shahidi anadai majirani walihusika."

Nikaandika.

"Na kuna ile plasta ya kijivu wanayovisha vyuma, ya kukinga moto," Mama Cheche akaendelea. "Namba Moja, kishindo cha kreni kiliipukutisha. Namba Mbili mmeikwangua wenyewe. Nilikwenda kumpelekea mwanangu mwavuli, nikakuta dari limefunguliwa. Vyuma viko uchi, baba."

Wote tulijua kwamba Mwenyekiti, enzi zake za ukurugenzi wa Mandhari ya majengo ya serikali, ndiye aliyeagiza plasta ile ikwanguliwe, kwa sababu ilikuwa inamdondoshea vumbi mabegani.

"Maneno matupu," akasema, jasho likimtoka. "Tufanye jaribio."

Jaribio likafanyika asubuhi iliyofuata, uani, waandishi wa habari wakiwepo. Boriti ya chuma ililazwa juu ya mihimili miwili ya matofali, makaa yakapangwa chini yake, na juu yake Mwenyekiti akaamuru liwekwe kabati la chuma lenye mafaili yote ya Tume. Mama Cheche akavuta mivukuto. Dakika kumi, hakuna kitu. Mwenyekiti akatabasamu kwa kamera. Dakika ya ishirini boriti ikawa nyekundu katikati, ikaanza kuinama polepole, kama mzee anayetafuta kiti. Halikudondoka hata tone. Kabati likayumba, likaenda chini na vikao vyetu vyote, yakabaki majivu.

Mwenyekiti alikohoa. "Andika: chuma kiliinama kwa heshima ya Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama mbele yake."

Kisha akatia saini cheti cha usalama, palepale, kwa kalamu yangu.

Mama Cheche hakupiga kelele. Alivua glovu, akaniangalia mimi, si Mwenyekiti. "Katibu, wewe una watoto?"

"Wawili, mama."

"Wanakaa ghorofa ya ngapi?"

Nilisema tunakaa nyumba ya chini. Akatikisa kichwa, akaondoka. Nikajisikia vibaya, hali ambayo serikalini haina fomu yake.

Lakini kazi ni kazi. Mchana huo nilitakiwa kuandika hotuba ya Waziri ya kupokea ripoti. Niliandika kama kawaida: pongezi, weledi, mshikamano. Mwishoni nikaongeza sentensi moja. Waziri wetu husoma anachoandikiwa, kwani ni kiongozi msikivu.

Keshoye akasoma mbele ya kamera, kwa sauti nzito: "Na kwa kuwa Tume imejiridhisha pasipo shaka, naagiza kwamba kuanzia Jumatatu Mwenyekiti na wajumbe wake wote wahamishie ofisi zao Jengo Namba Mbili, ghorofa ya ishirini na mbili, ambako watakaa kwa kudumu."

Watu wakashangilia. Mjumbe wa kwanza alipatwa na kizunguzungu palepale. Wa pili akakumbuka kwamba hakuwahi kuisoma ripoti. Mwenyekiti alinishika mkono, kiganja kimelowa.

"Katibu. Yule mama fundi. Unayo namba yake?"

Siku hiyohiyo Tume ilikutana kwa dharura na kubaini, kwa kauli moja, kwamba chuma hakihitaji kuyeyuka. Cheti kikafutwa. Watu mia sita wakapewa likizo, binti wa Mama Cheche akiwa wa kwanza kutoka. Waziri akakubali uhamisho usogezwe hadi vyuma vivishwe plasta upya, akaweka sharti moja tu: Tume isimamie kazi kwa mikono yake.

Vibarua hawakutosha, na lifti Mama Cheche, ambaye sasa ndiye fundi mkuu wa kazi, aliifunga kwa sababu za kiusalama. Kwa hiyo tulipanda ngazi. Mimi nilibeba ndoo mbili. Mwenyekiti, kizibao kikiwa na plasta hadi vifungoni, alifika ghorofa ya kumi na nne akihema, akapaka chuma tabaka moja jembamba, akarudi nyuma kulitazama.

"Mama," akauliza kwa unyenyekevu, "hapa si panatosha?"

Mama Cheche aligonga boriti kwa kifundo cha kidole.

"Juu ya hapa atakaa nani?"

"Mimi."

"Basi ongeza, mwanangu."

Akaongeza.